Kupima kisukari cha mimba Nyanda za Juu Kusini: kuanzia kuhesabu wiki hadi kusoma majibu

Wajawazito wengi wenye kisukari cha mimba hawana dalili yoyote. Kiu, uchovu na kwenda haja ndogo kila mara ni mambo ambayo ujauzito wenyewe huyaleta, kwa hiyo hakuna anayeweza kukutazama, awe mkunga mzoefu au bibi aliyelea wajukuu kumi, akasema unacho au huna. Jibu hutoka kwenye kipimo kimoja: unafunga usiku, unakunywa glukosi gramu 75, unatolewa damu mara 3 ndani ya saa 2.

Kipimo hiki si kigumu, ila ni rahisi sana kukiharibu. Mama akinywa uji asubuhi kwa sababu mama mkwe amesema mjamzito hatoki na njaa, majibu yameharibika. Damu ikikaa mezani saa 2 ikisubiri umeme urudi, majibu yameharibika pia, na karatasi ya maabara haitaonyesha kwamba kuna kilichoharibika. Ndiyo maana hapa tumetumia nafasi kubwa kwenye maandalizi, saa na utunzaji wa damu. Sehemu kubwa ni ya mama. Sehemu ya kuchanganya glukosi na kuchukua damu ni ya mtoa huduma, lakini mama naye aisome ili ajue nini kinapaswa kufanyika mbele yake.

Kwa nini mimba hupandisha sukari

Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama (homoni inayoondoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini) ifanye kazi kwa shida. Lengo lake ni jema: sukari ibaki kwenye damu ya mama kwa muda ili mtoto apate sehemu yake. Kongosho la mama hujibu kwa kutoa insulini zaidi. Kadiri kondo linavyokua, hasa baada ya wiki ya 20, ukinzani huo dhidi ya insulini huongezeka, na kongosho lisiloweza kuongeza kasi huzidiwa. Hapo sukari hupanda.

Sukari hiyo huvuka kwenda kwa mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake nyingi, naye hunenepa, hasa mabegani na tumboni. Wakati wa kuzaliwa kichwa hutoka, bega likakwama. Akishakatwa kitovu, sukari kutoka kwa mama hukoma ghafla huku insulini yake ikiwa bado nyingi, basi sukari yake hushuka mno katika saa za mwanzo. Kwa mama, hatari ya kifafa cha mimba na ya kufanyiwa upasuaji huongezeka.

Mkojo na kidole havitoshi

Kliniki nyingi hupima mkojo kwa kijiti. Kijiti hicho hakithibitishi wala hakiondoi kisukari cha mimba. Katika ujauzito figo huachia sukari kwenye mkojo kirahisi kuliko kawaida, hivyo mama mzima kabisa anaweza kuonyesha sukari, na mwenye kisukari cha mimba akaonyesha mkojo safi kwa sababu alikwenda chooni kabla ya kula. Kijiti kikionyesha sukari, hiyo ni sababu ya kufanya kipimo kamili.

Tone la damu la kidoleni, lililochukuliwa saa yoyote mama anapofika, lina kazi moja: kumkamata mwenye sukari ya juu sana. Ikisoma 11.1 (milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari hapa) au zaidi, mama anahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Ikisoma 6.2, haijasema kitu. Mama wengi wameambiwa "sukari yako iko sawa" kwa namba ya namna hiyo, wakaacha kuuliza, na hili ndilo linalotusumbua kuliko yote, kwa sababu aliyeambiwa yuko sawa hatafuti tena kipimo.

Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi 3, nacho hakifai hapa. Katikati ya ujauzito chembe nyekundu hubadilika haraka na upungufu wa damu ni wa kawaida, hivyo namba yake huyumba. Mwanzoni mwa mimba kinaweza kusaidia kugundua kisukari kilichokuwapo kabla, kikifika asilimia 6.5.

Nani apimwe, na lini

Ushauri wetu ni kwamba kila mjamzito apimwe kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kipimo kikiwa adimu na foleni ikibidi kuchuja, wa kwanza wawe hawa:

- aliyewahi kuwa na kisukari cha mimba;
- aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, au mtoto aliyefia tumboni bila sababu kujulikana;
- mwenye mzazi, kaka au dada mwenye kisukari;
- mwenye uzito mkubwa kabla ya mimba (mwenye kilo 75 na urefu wa mita 1.58, kwa mfano, tayari amefika 30 kwa BMI, kipimo cha uzito kikilinganishwa na urefu);
- mwenye umri wa miaka 35 na kuendelea, mwenye presha, au mwenye historia ya vifuko vya maji kwenye ovari na hedhi za kuruka;
- ambaye mimba hii imeonyesha maji mengi au mtoto mkubwa kuliko wiki zake.

Mwenye mojawapo ya mambo haya apimwe sukari tangu hudhurio la kwanza, hata likiwa wiki ya 10. Majibu yakiwa mazuri, arudie wiki ya 24 hadi 28, kwa kuwa ukinzani wa insulini huwa haujapanda mwanzoni.

Kuhesabu wiki: anza na siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wiki 24 ni siku 168 kutoka hapo, wiki 28 ni siku 196. Hedhi ikiwa ilianza 1 Januari katika mwaka wa siku 365, nafasi ya kupima ni kati ya 18 Juni na 16 Julai. Usihesabu kwa miezi, kwa sababu "miezi sita" ya mmoja ni wiki 22 na ya mwingine ni wiki 27. Kama hukumbuki tarehe, ultrasaundi ya mapema ndiyo inayoaminika zaidi.

Uliyechelewa usikate tamaa. Anayeanza kliniki wiki ya 30 au 33 apimwe palepale, na majibu yasomwe kwa namba zilezile. Bado kuna wiki za kutosha kushusha sukari kabla ya kujifungua.

Kuomba na kupanga siku

Zahanati nyingi hazifanyi kipimo hiki, na vituo vya afya vingine havina glukosi wala namna ya kutunza damu. Kabla ya kuanza kufunga, hakikisha kituo unachokwenda kinakifanya, siku gani, na mwisho wa kupokea ni saa ngapi. Walio karibu na hospitali kubwa, kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na wodi zake za wazazi za Meta, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, Ikonda kule Makete au Ilembula wilayani Wanging'ombe, waulize huko kwanza.

Usiombe tu "kupima sukari", utachomwa kidole na kuruhusiwa. Sema hivi: "Shikamoo dada. Mimba yangu ina wiki 25. Naomba kipimo cha sukari kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kutolewa damu mara tatu. Nije siku gani, na nije na nini?" Uliza pia gharama, bima yako inalipa nini, na kama glukosi ipo au unapaswa kuinunua duka la dawa.

Ahirisha kama una homa, malaria, kuharisha au kutapika. Ugonjwa hupandisha sukari kwa muda. Kama umechomwa sindano za dexamethasone za kukomaza mapafu ya mtoto, pisha angalau wiki 1. Ambaye tayari anajulikana ana kisukari na anatumia dawa hafanyi kipimo hiki kabisa.

Siku 3 kabla

Kula kama unavyokula siku zote. Mwili unatakiwa kupata wanga usiopungua gramu 150 kwa siku kwa siku 3, na anayekula milo 3 ya ugali, viazi, ndizi, makande au wali huufikisha bila kupima. Kuna wanaoacha ugali na chai ya sukari siku hizo ili "majibu yatoke mazuri". Hutokea kinyume chake: mwili uliokosa wanga husahau kuushughulikia, na glukosi ikiingia ghafla sukari hupanda kuliko ilivyo kawaida yake. Utaandikiwa ugonjwa usiokuwa nao.

Usiku wa kuamkia kipimo

Mfungo ni saa 8 hadi 14. Hapa ndipo hesabu za kijijini huvurugika. Kwenye baridi ya Njombe au Makete familia nyingi hula mapema, saa 12 jioni, na kulala. Aliyekula saa 12 jioni anatimiza saa 14 ifikapo saa 2 asubuhi. Akikwama njiani hadi saa 4, mfungo umepita kiasi na sukari ya asubuhi inaweza kudanganya. Kula chakula kidogo saa 3 usiku, kikombe cha maziwa na kiazi kwa mfano. Hapo una nafasi kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 5 asubuhi ya kutolewa damu ya kwanza.

Baada ya hapo ni maji matupu tu. Chai ya rangi isiyo na sukari hapana, kahawa hapana, togwa, ulanzi na juisi hapana. Pipi, chingamu na udongo wa pemba navyo hapana. Kupiga mswaki ni sawa.

Anayetoka mbali ni bora alale mjini kwa ndugu. Safari ya alfajiri kutoka milima ya Makete, kisha kupandisha kilima kwa mguu hadi hospitali, huathiri sukari na humchosha mama mwenye njaa. Ukifika, kaa chini dakika 20 hadi 30 kabla ya kutolewa damu.

Waelezwe pia walio nyumbani. Mama mkwe au shangazi anayesisitiza uji hafanyi hivyo kwa ubaya, anaogopa mtoto atakosa chakula. Mwambie kwamba kulala bila kula na kuamka kupima ni salama kwa mtoto, na kwamba uji utakuwa kwenye chupa ya chai, utaunywa saa ileile damu ya tatu ikishatoka. Uandaliwe kweli na uende nao, kwa sababu kwa wengi kizunguzungu huja baada ya kipimo.

Beba: kadi ya kliniki, saa au simu yenye chaji, shuka zito au sweta, na chupa ya maji. Dawa za ARV usiruke dozi, zimeze kwa maji kwa saa yako na umwambie mhudumu. Madini ya chuma yasubiri umalize. Kwa dawa za presha au pumu, uliza mapema.

Asubuhi ya kipimo

1. Mhudumu akuulize umekula lini mara ya mwisho, na aandike saa. Kama umekula au kunywa kitu, sema ukweli. Kurudi siku nyingine ni usumbufu wa siku moja, na majibu ya uongo yanakufuata hadi chumba cha kujifungulia.

2. Damu ya kwanza hutolewa kwenye mshipa wa mkono kabla ya kunywa chochote. Kabla ya kukupa glukosi, ni vizuri mhudumu aangalie sukari ya kidole. Ikiwa 7.0 au zaidi, glukosi isitolewe: hicho kinaelekea kuwa kisukari kamili, na daktari aonwe.

3. Kunywa glukosi yote ndani ya dakika 5. Saa huanza kuhesabiwa unapomeza funda la kwanza. Andika: "nimeanza kunywa saa 2:15".

4. Kaa. Usitembee, usilale fofofo, usivute sigara, usile. Funda moja moja la maji linaruhusiwa.

5. Damu ya pili hutolewa saa 1 kamili baada ya funda la kwanza (saa 3:15), ya tatu saa 2 baada yake (saa 4:15).

6. Damu ya tatu ikitoka, kula.

Hatua ya 4 ndiyo inayovunjwa zaidi. Saa 2 za kukaa kwenye benchi ni ndefu, soko la Mwanjelwa au la Njombe liko karibu, na mama hujiambia atarudi kabla ya wakati. Misuli inayotembea hunywa sukari kutoka kwenye damu. Dakika 40 za kuzunguka sokoni zinaweza kushusha namba ya saa 2 chini ya kiwango, na ukaambiwa huna kisukari ilhali unacho. Weka mlio kwenye simu wa kila wakati wa damu, na dakika 5 kabla mkumbushe mtaalamu wa maabara kwa upole. Maabara ikiwa na foleni, husahaulika.

Kichefuchefu huwapata wengi. Kunywa polepole ndani ya zile dakika 5, kinywaji kikiwa cha baridi. Limau kidogo hukata utamu na halibadilishi majibu. Ukitapika, sema mara moja: kipimo kinasimama na hupangwa siku nyingine. Damu ya kwanza haipotei bure, kwani ikifika 5.1 peke yake inatosha kusema kisukari cha mimba kipo.

Kwa mtoa huduma: glukosi

Gramu 75 ni za glukosi isiyo na maji ndani yake. Unga mwingi unaouzwa ni ule ulioshikana na maji, glukosi monohaidreti, na wa aina hiyo unahitaji gramu 82.5 kupata kiasi kilekile. Ukipima gramu 75 za monohaidreti umempa mama gramu 68 tu, na baadhi ya wagonjwa watakupita. Soma kopo. Unga wenye ladha, vitamini au kalsiamu usitumike kama lebo haisemi wazi kiasi cha glukosi.

Tumia mizani ya kidijitali, kijiko hakifai: kijiko kilichojaa cha mmoja ni kimoja na nusu cha mwingine. Yeyusha unga kwenye maji ya uvuguvugu kama mililita 100, koroga hadi yawe maangavu, kisha ongeza maji safi ya baridi hadi mililita 250 au 300. Hakikisha hakuna unga uliobaki chini ya kikombe. Sukari ya mezani haiwi mbadala, soda haiwi mbadala, asali haiwi mbadala: zina mchanganyiko wa sukari nyingine na namba za kusomea majibu hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Kwa mtoa huduma: damu

Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya tyubu. Kwa joto la kawaida la chumba, damu isiyozungushwa (kwa mashine inayotenganisha chembe na maji ya damu) hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa. Tuchukue mama mwenye sukari ya kufunga ya 5.3, ambaye ana ugonjwa. Damu yake ikikaa saa 2, maabara itasoma karibu 4.7 na kumrudisha nyumbani akiwa "mzima". Kipimo cha asubuhi ndicho kinachoumia zaidi, kwa sababu kiwango chake kimebana.

Tyubu yenye kifuniko cha kijivu ina floridi inayozuia ulaji huo, lakini floridi haianzi kazi papo hapo. Katika saa ya kwanza na zaidi sukari huendelea kupungua. Kwa hiyo fanya yote mawili: tyubu ya kijivu, na kuiweka kwenye barafu na kuizungusha kwenye mashine ndani ya dakika 30. Geuza tyubu taratibu mara 8 hadi 10 ili dawa ichanganyike. Andika jina, tarehe na saa ya kuchukua kwenye kila tyubu kabla ya damu inayofuata. Tyubu 3 za mama mmoja zikibadilishana nafasi, hakuna wa kuzitofautisha.

Kituo kisicho na mashine ya kuzungusha damu kisitume damu kwa bodaboda hadi wilayani. Atumwe mama.

Pale ambapo iko mashine ya kidole tu

Tusijifanye kwamba kila kata ina maabara. Mashine ya kidole inaweza kutumika kuchuja, mradi udhaifu wake ujulikane. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013, ISO 15197, kinaruhusu mashine kukosea kwa 0.83 pale sukari ilipo chini ya 5.55, na kwa asilimia 15 pale ilipo juu ya hapo. Sukari halisi ya 5.1 inaweza kusomwa popote kati ya 4.3 na 5.9 na mashine ikahesabiwa kuwa nzima. Pia baada ya kunywa glukosi, damu ya kidole husoma juu kuliko ya mshipa. Kwa hiyo namba za mashine zilizo karibu na mpaka zithibitishwe hospitali.

Kwetu kuna mambo mengine mawili. La kwanza ni baridi. Mashine nyingi zinatakiwa kutumika kuanzia nyuzijoto 10 hivi, na asubuhi ya Julai kwenye chumba kisicho na jua Makete au Njombe joto linaweza kuwa chini ya hapo. Mashine itaandika kosa, au stripu (vipande vinavyopokea tone la damu) zitasoma vibaya. Weka mashine na stripu kwenye chumba chenye joto nusu saa kabla, na usome karatasi ya mashine yako. Kimo cha Mbeya mjini, karibu mita 1,700, kwa mashine nyingi si tatizo.

La pili ni upungufu wa damu, ambao kwa wajawazito ni wa kawaida. Damu nyepesi huzifanya stripu nyingi zisome sukari juu kuliko ilivyo. Pima wingi wa damu siku hiyohiyo, uzisome namba mbili kwa pamoja.

Mengine ni ya kawaida lakini husahaulika. Mama anawe mikono kwa sabuni na maji ya uvuguvugu na kuikausha, kwani utomvu wa ndizi mbivu kidoleni unaweza kupandisha namba sana. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, acha damu ije yenyewe, usikamue. Spiriti ikitumika, ikauke kwanza. Kopo la stripu lifungwe mara tu unapotoa moja.

Kusoma majibu

Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo hivi mwaka 2013, kwa kipimo cha gramu 75 na damu ya mshipa, kwa milimoli kwa lita:

- kufunga: 5.1 hadi 6.9
- saa 1: 10.0 au zaidi
- saa 2: 8.5 hadi 11.0

Namba moja tu ikifika hapo, kisukari cha mimba kipo. Haihitajiki mbili. Kufunga ikifika 7.0, au saa 2 ikifika 11.1, hicho si kisukari cha mimba tena. Kinaitwa kisukari ndani ya ujauzito, pengine kilikuwapo kabla, na kinahitaji daktari haraka.

Mifano. Majibu ya 5.0, 9.4 na 8.3: hana, ingawa yuko karibu. Majibu ya 4.8, 10.2 na 7.9: anacho, kwa namba ya saa 1. Kama damu ya saa 1 ingerukwa ili kupunguza kazi, mama huyu angepita. Majibu ya 5.4, 8.1 na 6.9: anacho, kwa namba ya kufunga, hata kama mbili za mwisho ni nzuri.

Namba hizi zilijengwa juu ya utafiti mkubwa uitwao HAPO, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Ulionyesha kwamba hatari hupanda kidogokidogo pamoja na sukari, bila ukuta mmoja. Aliyepata 5.0 hajatofautiana sana na aliyepata 5.1, na naye ale kwa uangalifu.

Maabara ikiandika miligramu, gawanya kwa 18: 92 ni 5.1, 180 ni 10.0, 153 ni 8.5. Ukikutana na namba za glukosi gramu 50 au 100, huo ni utaratibu mwingine unaotumika sana Marekani. Usichanganye namba zake na hizi.

Majibu yakionyesha unacho

Ondoka na mambo manne yameandikwa kwenye kadi: namba zako zote 3, tarehe ya kurudi ndani ya wiki 1 au 2, utapimia wapi sukari, na utajifungulia wapi. La mwisho lisibaki wazi. Ipangwe mapema safari ya kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji na huduma ya mtoto mchanga; zahanati haitoshi.

Malengo ya kila siku kwa kidole ni chini ya 5.3 kabla ya kifungua kinywa, na chini ya 7.8 saa 1 baada ya kuanza kula, au chini ya 6.7 saa 2 baadaye. Wengi huyafikia kwa chakula na mwendo. Ugali unabaki, lakini uwe wa ngumi moja, na sahani ijazwe mboga za majani na maharage. Usiweke viazi, wali na ndizi kwenye mlo mmoja, chagua kimoja. Parachichi, ambalo Rungwe na Njombe halikosekani, linafaa. Sukari kwenye chai na soda viondoke kabisa, maana hivyo ndivyo hupandisha haraka kuliko vyote. Tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo.

Malengo yasipofikiwa ndani ya wiki 1 hadi 2, daktari ataongeza dawa, insulini au metformin. Insulini haimaanishi umeshindwa, na haimfikii mtoto. Nenda hospitali bila kusubiri tarehe kama mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana, macho yanaona giza au unatapika bila kuacha.

Baada ya kujifungua

Kondo likitoka, homoni zake zinaondoka, na kwa wengi sukari hurudi sawa ndani ya siku chache. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza na apimwe sukari katika saa za mwanzo, hata akionekana mzima na mnene.

Mama arudie kipimo cha gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12. Safari hii damu ni 2 tu, ya kufunga na ya saa 2, na namba ni za mtu asiye mjamzito: 7.0 kwa kufunga au 11.1 kwa saa 2 ni kisukari. Saa 2 ikiwa kati ya 7.8 na 11.0, sukari ina shida na inahitaji kufuatiliwa. Kipimo hiki husahaulika kuliko vyote kwa sababu mama yuko na mtoto mchanga na hajisikii mgonjwa. Kifungamanishe na chanjo: mtoto huchanjwa wiki ya 6 na ya 10, basi omba upimwe siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu tangu wiki ya 6 ili akuandalie ya 10 kama haijawezekana.

Kisha pima kila baada ya mwaka 1 hadi 3, kwa kuwa aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kupata kisukari cha kudumu. Ukishika mimba nyingine, namba za mimba hii zisomwe kwenye hudhurio la kwanza, kwa hiyo usiitupe kadi ya zamani. Nenda nayo kliniki.